Nimelipa milioni moja na laki moja "kuwekwa namba moja Google", kumbe simu za wateja wangu anapokea huyohuyo aliyeniweka

Wakubwa shikamooni, wadogo zangu marahaba. Leo sina salamu ndefu.

Mimi ni fundi friji na AC, niko Tabata. Kazi hii huu ni mwaka wa kumi na nne, nilianzia chini ya mwembe na mtungi wa gesi wa kuazima. Jumamosi iliyopita kaja mama mmoja, mteja wangu wa zamani, muuza samaki wa friza. Kasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Fundi, kumbe mko hapahapa? Si mmehamia Kimara?"

Kimara? Mimi nikahamie Kimara kufanya nini?

Akanieleza. Namba yangu ilipotea pamoja na simu yake ya zamani, kwa hiyo aliingia Google, akaandika fundi friji Tabata, likaja jina langu. Picha ya kibanda changu. Bango langu la bluu nililolichora kwa mkono wangu. Akabonyeza pa kupigia. Ikapokelewa na kijana mwenye heshima zote: "Ndiyo mama, ni sisi, siku hizi tuko Kimara, fundi anakuja na boda sasa hivi." Fundi akaja kweli. Akajaza gesi bila hata kutafuta inapovujia, akabeba elfu sabini zake, na siku ya nne friza ikafa tena na samaki wote ndani. Sasa mama wa watu kaja kunitukana mimi, na haki anayo. Jina ni langu, picha ni yangu, bango ni langu.

Namba ya simu ndiyo siyo yangu. Aliponionyesha kioo cha simu sikuhitaji kuisoma mpaka mwisho. Ni ya yule kijana wa masoko ya mtandaoni.

Ngoja nirudi nyuma, maana najua hapa jamvini kuna watu wataanza kucheka kabla hawajamaliza kusoma.

Mwaka 2023 alinijia dukani, shati la mikono mirefu, laptopu kwapani. Kaka, wateja siku hizi hawaulizi jirani, wanauliza Google. Hapo hakudanganya. Akasema kifurushi chake ni laki tatu na nusu, ananiweka namba moja Dar nzima, na sehemu ya hiyo hela inaenda Google wenyewe. Akaniuliza, una Gmail? Ninayo, ila walinifungulia vijana walioniuzia simu Kariakoo, neno la siri wanalijua wao na Mungu. Akacheka. "Usijali kaka, tutatumia ya kwangu kwa muda."

Kumbe Gmail inayosajili biashara kwenye ramani ya Google ndiyo inayoishikilia. Kamba nilimpa mwenyewe, shingo nikamnyooshea mwenyewe.

Na kuna ile video. Google wakitaka kuthibitisha kwamba biashara ipo, wanaweza kukuambia uchukue video moja isiyokatwakatwa: mtaa uonekane, bango lionekane, vifaa vya kazi, na kitu cha kuonyesha kwamba wewe ndiye mwenye mali, kwa mfano kufungua mlango kwa ufunguo. Basi wakuu, yeye alishika simu, mimi nikafungua kofuli. Nikatabasamu na mtungi wa gesi mkononi. Nilikuwa namthibitishia yeye umiliki wa kibanda changu, kwa ufunguo wangu, na soda nikamnunulia!

Kazi ilipoisha akanionyesha matokeo. Kasimama hapohapo katikati ya maganda ya friji, katoa simu yake, kaandika fundi friji. Namba moja! Mimi huyo, juu kabisa. Nikampa mkono, nikamlipa iliyobaki.

Jamani. JAMANI. Ukisimama ndani ya duka langu ukatafuta fundi friji, unategemea atokee nani, wa Bunju? Umbali kati ya anayetafuta na biashara ni moja ya vitu vikubwa vinavyopanga nani atokee juu. Vingine ni kama biashara yako inahusiana na kilichoandikwa, na inajulikana kiasi gani. Google wameyaandika haya wenyewe kwenye kurasa zao za msaada, na hapohapo wanasema hakuna njia ya kuwalipa ili upande kwenye matokeo ya kawaida ya ramani. Matangazo ya kulipia yapo, lakini hayo ni kitu kingine na yanawekewa alama kwamba yamedhaminiwa. Kuisajili biashara kwenye ramani ni BURE. Haina senti. Siku niliyoambiwa hivyo nilimpigia shemeji yangu Kigamboni, nikamwambia atafute fundi friji. Akanisomea majina saba, yote ya kwao Kigamboni. Namba moja Dar nzima nilikuwa mimi tu, kwenye simu ya yule kijana, akiwa amesimama kwangu.

Hiyo ni laki tatu na nusu. Tunaendelea.

Akaniuzia tovuti, laki mbili. Ukurasa mmoja, picha tatu, ramani, kitufe cha kupiga simu. Niliipenda, sitadanganya, niliichapisha hadi kwenye kadi. Anwani yake iliishia na business.site. Machi 2024 ikazimika. Nikampigia. "Kaka, hostingi imeisha, yaani pango la tovuti, leta laki na nusu niirudishe." Nikatuma siku hiyohiyo kwa simu. Haikurudi mpaka leo, kila wiki "seva inasumbua". Kumbe zile tovuti za business.site zilikuwa za bure, Google walikuwa wanampa yeyote mwenye biashara kwenye ramani, ukibonyeza mara mbili tatu inajitengeneza yenyewe. Na hiyo Machi 2024 walizifunga zote, dunia nzima. Hakukuwa na hostingi ya kulipia, na hakukuwa na cha kurudisha. Alinitoza kujenga kilichokuwa bure, halafu akanitoza kufufua kilichokuwa kimeshazikwa.

Hiyo laki na nusu inaniuma kuliko zote. Nilikuwa nimeiweka ya sare za shule.

Baadaye ikaja "ada ya kulinda nafasi", elfu themanini kwa mwezi. Nililipa Mei mpaka Septemba 2024, laki nne kamili. Oktoba kazi zilikuwa chache, nikamwambia dogo, nisubiri kidogo. Hakugomba wala hakutishia. Alisema "sawa kaka" kwa upole kabisa, nikamwona ana utu.

Simu za wageni zikaanza kupungua. Nikasema ni hali ya uchumi. Nikasema labda umeme siku hizi haukatikikatiki, ndiyo maana kompresa za watu haziungui. Nilikuwa namtafutia sababu adui ambaye sijui kama yupo, huku kijana amebadilisha namba moja tu na amekaa kwake anapokea wateja wangu na kuwagawa kwa mafundi wa vichochoroni. Sijui anachukua ngapi kwa kichwa. Sitaki hata kujua.

Jumapili nikaenda kwa kijana wa steshenari jirani yangu, yule wa fotokopi na picha za pasipoti. Nikamwambia nifungulie hii kitu tuione. Tukaiona. Alicheka mpaka akainama, ikabidi na mimi nicheke, hasira zikiwa kooni.

Kwanza jina. Duka langu lina jina fupi, lipo kwenye bango, lipo BRELA kwa wasajili wa majina ya biashara. Huyu bwana aliongezea mkia: FUNDI FRIJI AC MASHINE ZA KUFULIA BEI NAFUU DAR. Kijana wa steshenari akaniambia Google wanataka jina lilelile lililo kwenye bango, na mikia ya namna hiyo inaweza kukufanya usimamishwe usionekane kabisa. Halafu aina ya biashara: kaweka duka la vifaa vya umeme. Mimi siuzi hata balbu! Kutengeneza friji ipo kwenye orodha yao, ni kuchagua tu.

Halafu maoni. Nyota tano, mengi, ya watu wasiojua Tabata ni tunda au ni mtaa. Mmoja kaandika kwa Kiingereza kwamba vyumba ni visafi na kifungua kinywa ni kitamu. Kifungua kinywa! Kwenye kibanda cha fundi friji! Tukabonyeza jina lake: kasifia daktari wa meno nchi moja, gereji nchi nyingine, saluni kwingine kabisa. Maoni ya kununua yamekatazwa, na Google wakiyagundua hawaishii kuyafuta, wanaweza kuifungia biashara isipokee maoni mapya kwa muda na kubandika onyo kila mtu aone. Kwa hiyo hata nikirudishiwa mali yangu, nairudisha ikiwa na ukoma.

Na katikati ya nyota zote hizo kuna maoni manne ya nyota moja moja. Matatu yameandika wezi, la nne limeandika matapeli wa Kimara. Hayo ndiyo maoni pekee ya watu wa kweli pale.

Nilienda na polisi, msiseme sikwenda. Askari alinisikiliza vizuri, kaandika kaandika, akaweka kalamu chini. "Sasa mzee, kilichoibiwa ni nini hasa?" Kibanda kipo. Vifaa vipo. Jina lipo. Nikabaki namtazama. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, hilo nalijua, lakini jaribuni kumweleza mtu mezani kwamba umeibiwa mlango wa mbele na bado unaingia dukani kila asubuhi.

Mtaniambia kwa nini sikujifunza mwenyewe. Mkuu, mimi natoa kichwa nyuma ya friji la watu saa mbili usiku. Mwenye duka la dawa za mifugo, mama wa keki, fundi cherehani, wote ni hivyohivyo, na hawa vijana wanajua. Ndiyo maana hawaendi kwenye makampuni, wanapita vibandani.

Sasa nilichofanya, kwa aliyenaswa kama mimi. Nimefungua Gmail mpya, neno la siri nimeliandika kwenye daftari la gesi. Tumeingia kwenye biashara yangu pale kwenye ramani, tukaomba umiliki. Ombi linaenda kwa anayeishikilia, ana siku tatu za kujibu. Akikaa kimya unaweza kupewa nafasi ya kuthibitisha wewe. Akikataa unaweza kukata rufaa. Na kama hujaanza, huyo anayekuwekea biashara kwenye ramani umfanye msimamizi tu, umiliki mkuu ubaki kwenye barua pepe yako, hata kama ni mdogo wako wa damu. Siku mkigombana unamtoa kwa kubonyeza mara moja.

Friza la yule mama nimelitengeneza bure. Tundu lilikuwa kwenye bomba jembamba nyuma, dogo kuliko ncha ya sindano. Dakika arobaini, kuchomelea na kujaza. Samaki sikuweza kumrudishia.

NYONGEZA, Jumatano usiku: Mnaoniuliza jina la huyo kijana, sitaliweka, moderita atafuta uzi. Mnaosema "umepigwa kizembe", asanteni, mke wangu kawatangulia.

Amenipigia jioni hii, ombi limemfikia. "Kaka, tuongee kikubwa, leta laki mbili nikukabidhi kila kitu kwa amani." Nikamuuliza, laki mbili ya nini? Akasema ya usumbufu. Ya USUMBUFU, wakuu. Nikakata simu kabla sijasema maneno ambayo wanangu wangesikia.

Kesho ndiyo siku ya tatu. Kwa sasa nimechukua brashi na rangi nyekundu, nimeandika namba yangu ukutani kwa herufi za futi moja, na chini yake HATUJAHAMA. Kijana wa steshenari kaja kuangalia, kasema niache hivyohivyo, itatoka vizuri kwenye video.