Nimefokeana na mwenye punda hapa jeti (gatini), nyie wa udaktari wa mifugo huwa mnafanyaje?

mwana_wa_langoni:
Assalaam alaykum wadau. Niko mwaka wa nne udaktari wa mifugo, sasa hivi nafanya atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, hapa nyumbani Lamu. Juzi niko jeti punda anashushwa saruji, gunia la mgongoni kutolewa tu, kidonda hiki hapa ukubwa wa kiganja, kibichi, nzi wamejaa. Ikanipanda, nikamwambia mwenyewe wewe huna huruma, na ni mzee sawa na babangu, watu wakajaa, akanijibu "kijana, wanangu utawalisha wewe?" akaondoka na punda wake hata sikumtibu. Jioni daktari anayenisimamia akanikaripia mbele ya wenzangu, hapo nikanyamaza kama maji ya mtungi. Yaani kwa mwenye punda nalipuka, kwa mkubwa naufyata. Tumesoma mifupa mpaka minyoo, kukosana na mtu mkaelewana hatujafundishwa, au ni mie nilikosa darasa hilo??

veti_wa_zamani:
Hukukosa. Wengi wetu tulidhani mtaalamu hagombani, basi tunaukimbia ugomvi mpaka unatulipukia. Ila wewe ulianza na huruma, mtu ukimgusa hapo anatetea heshima yake, punda keshasahaulika. Mie huanza na matandiko, "mzee hebu nionyeshe unavyomtandika", akikunja gunia ataona mwenyewe mshono unakaa pale pale penye jeraha. Kamba ya katani abadilishe aweke ukanda mpana. Kazi iko kwenye kumpumzisha, utasema wiki tatu atasema siku mbili, sasa usimhutubie, muulize ana punda wangapi na nani wa kumwazima. Na mtajie pepopunda, inaingilia kwenye vidonda hivyo hivyo, jina lenyewe linamtosha 😅

baba_punda:
Mie ninao watatu. Vichochoro vyetu gari haipiti, mawe na mchanga nani abebe? Kidonda tunakiona bwana, hatuna upofu. Lakini ukinifokea mbele ya mwenye mzigo wangu nakuona huna adabu hata kama una haki. Ungenifuata nyumbani baada ya alasiri, na kahawa ungekunywa.

dada_wa_malindi:
Mwaka wa tano hapa. Kuhusu mkubwa, mie nilingoja anapoosha mikono, yuko peke yake, nikamwambia daktari kosa nimelikubali, ila ukinikosoa naomba tuwe pembeni. Sauti ilitetemeka wallahi. Akasema "haya", basi, na wiki ile ile akanikaripia tena lakini safari hii kwa sauti ya chini lol. Na bwenini huwa tunaigiza, mmoja mwenye ng'ombe mbishi hataki kulipa, mwengine daktari. Tunacheka sana lakini ulimi unazoea.

mwana_wa_langoni:
Nimeenda jana kwa yule mzee. Kanikalisha barazani karibu nusu saa makusudi, najua. Nikaanza na matandiko, tukalikata gunia pamoja, kidonda nimekiosha. Kakubali wiki moja, nilitaka tatu. @baba_punda kahawa nimepewa, chungu mpaka machozi. Daktari wangu bado sijamkabili, kesho in shaa Allah.