Dartnell aliyezikwa Voi: askari wa farasi wa Australia au wa Uingereza?

Nyika_Bura: Wakuu, habari zenu. Makaburi ya vita ya Voi yana Luteni Dartnell, mwenye Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Wapo wanaomwita Mwaustralia, wapo wanaosema Mwingereza, na jina mara Wilbur, mara William. Nishani aliipataje? Na farasi walifuata nini Maktau, alikouawa, kwenye mbung'o wote wale?

Mzee_wa_Kumbukumbu: Wote wana haki kidogo. Alizaliwa Melbourne 1885, Victoria ikiwa bado koloni. Ila 1915 alikuwa luteni wa batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers, kikosi cha Uingereza kilichoshuka Mombasa mwezi Mei mwaka huo. Ukimsaka kwenye orodha za jeshi la Australia utatoka mikono mitupu. Tumia W. T. Dartnell, Wilbur Taylor na William Thomas ni mtu huyohuyo.

Reli_ya_Taveta: Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha vikundi vyao vidogo vikawa vinakatiza nyika kwenda kulipua reli ya Mombasa–Nairobi. Waingereza walipojenga tawi kutoka Voi hadi Maktau, nalo likawa la kulindwa. Doria ya miguu ingefika adui keshaondoka, ndiyo maana ya farasi.

Lakini hawakupigana wakiwa juu ya farasi. Wakifika wanashuka, katika kila wanne mmoja anabaki kushika farasi, watatu wanaingia na bunduki. Kwa hiyo doria ya watu 60 ina bunduki 45 tu, na kila majeruhi anayebebwa anaondoa wengine wawili. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, adui alifika hatua chache tu kutoka kwao na majeruhi wa hali mbaya wakashindikana kuondolewa. Dartnell, mwenye jeraha la mguu, alikuwa tayari anabebwa. Akashikilia aachwe pamoja nao, akitumaini kuwaokoa. Akauawa.

Tangazo la nishani linadai askari weusi wa Wajerumani walikuwa wakiua majeruhi. Hayo ni maneno ya upande mmoja, tena vita vikiendelea. Msiyanakili kama ushahidi.

Mbung'o je? Hakuna aliyewashinda. Nagana, ugonjwa wanaoueneza, humaliza damu polepole: farasi aliyeambukizwa huonekana mzima siku za mwanzo, anaendelea kupandwa, kisha anakonda na kuishiwa nguvu akiwa kazini. Tiba ya uhakika haikuwepo, wakawa wanaagiza farasi wengine.

Mzee_wa_Kumbukumbu: Nyongeza kuhusu nishani. Tangazo lilitoka Desemba 1915. Enzi hizo shujaa wa Uingereza aliyekwisha kufa aliweza kupewa Victoria Cross au kutajwa kwenye ripoti ya kamanda, basi. Nishani zilizo kati ya hayo mawili hazikutolewa kwa marehemu. Ukiona picha ya msalaba wowote wa aina hii, tazama upande wa nyuma: jina na kikosi vimechongwa kwenye kipande cha juu kinachoshika utepe, tarehe ya tukio iko katikati ya msalaba. Wa Dartnell uko Australian War Memorial, makumbusho ya vita ya Australia, Canberra.

Nyika_Bura: Shukrani wakuu. Maktau kwenyewe kuna kaburi lolote la kutazama?

Reli_ya_Taveta: Yapo, ila ni ya wanajeshi wa Kihindi. Kwa Dartnell ishia Voi.