Shoti 34 kwa siku moja: taharuki ya mtindo wa Hitchcock, nipunguze wapi?

Swali
Habari wakuu. Tunatengeneza filamu fupi ya taharuki, dakika 6, mradi wa chuo. Onyesho kubwa: msichana anapekua droo ya matroni wa hosteli akitafuta ufunguo, na matroni yuko njiani kurudi. Nimepanga shoti 34 (vipande vya kupigwa kimoja kimoja), siku ya kupiga ni moja. Tuna kamera yenye lenzi ya zumu (ya kuvuta picha) ya mm 18-55, tripodi na kiti cha magurudumu cha kuazima. Nataka pia ile shoti ya Vertigo, filamu ya mwongozaji Hitchcock, uso unabaki palepale huku nyuma kunakimbia. Naombeni ushauri.

Jibu la 1
Mkuu, piga hesabu kwanza. Shoti moja, pamoja na kuhamisha taa na mazoezi, inakula dakika 20 hata mkienda mbio. Mara 34 ni zaidi ya saa 11, na bado hamjala. Shuka hadi 15 au 16.

Cha kukata utakijua ukijiuliza: hapa mtazamaji anajua nini ambacho msichana hajui? Hitchcock alieleza kwa mfano wa bomu chini ya meza: likilipuka ghafla, watu wanashtuka kwa sekunde chache, wakilijua mapema, roho inawadunda muda wote wa mazungumzo. Basi matroni aonekane getini kabla droo haijaguswa.

Anza na shoti pana inayoshika droo, mlango na dirisha kwa pamoja. Kisha rudia utatu huu: uso unatazama, kitu kinachotazamwa, uso tena. Ufunguo upe fremu nzima: vidole, kutu, kikaratasi cha namba ya chumba. Katika Notorious (1946) kamera inashuka kutoka juu ya ukumbi wa sherehe hadi kwenye ufunguo mkononi mwa Ingrid Bergman. Kreni huna, ila mkato wa moja kwa moja kutoka shoti pana hadi kiganjani unabeba wazo lilelile.

Jibu la 2
Sahihisho dogo: kwenye Vertigo (1958) kinachorefuka ni shimo la ngazi. Ya uso unayoisema ni ya mwongozaji Spielberg, filamu ya Jaws (1975). Kamera inasogea mbele huku zumu ikifunguka kuwa pana.

Kwa lenzi yako kanuni ni rahisi: umbali kwa mita ni milimita za lenzi ukigawanya kwa 15. Bandika utepe sakafuni mita 3.67 kutoka kwa mwigizaji (mm 55), 2.33 (mm 35), 1.6 (mm 24) na 1.2 (mm 18). Weka alama hizohizo kwenye pete ya zumu. Mmoja asukume kiti, mwingine azungushe, sekunde 4 hivi. Funga tundu la lenzi (linalopitisha mwanga) kwenye f/5.6 au f/8, namba ikikua tundu linapungua, ukiliacha f/3.5 picha itabadilika mwanga katikati ya zumu. Pigeni koridoni, maana ukuta ulio karibu mgongoni hauna pa kukimbilia.

Pete ikigoma kuzunguka laini, piga video ya 4K kwa mm 18 bila kugusa zumu, toka mita 2.4 hadi 1.2. Kwenye uhariri wa 1080 (nusu ya upana wa 4K) anza ukiwa umekuza mara 2 na umalize kwenye fremu nzima. Na itumie mara moja tu, pale anaposikia kitasa.

Jibu la 3
Chora mstari kati ya msichana na mlango, kamera ikae upande mmoja tu. Ukiuvuka, ataonekana kautazama ukuta.

Weka fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) sekunde 1/50, kwa sababu umeme wetu ni 50 Hz; ukiweka 1/60, taa nyingi za bei nafuu zitaleta michirizi inayotembea, na kwenye uhariri haitoki kirahisi.

Viatu vya matroni virekodiwe peke yake, simu ikiwa chini karibu na hatua. Feni izimwe. Kabla ya kufungasha, wote nyamazeni sekunde 60 mrekodi ukimya wa chumba kile, la sivyo kila mkato utasikika.