Mafundi wa hita Uingereza, hizi koki za rejeta mnaziweka kwa kufuata nini?

Wakuu, hasa mlioko huku Uingereza, nina hasira na sitaki kuambiwa tena na mafundi nitoe upepo kwenye hita ya nyumba. Upepo nimeutoa. Rejeta zote za chini na juu, yale mabati ya ukutani yanayopitisha maji ya moto kutoka kwenye boila ya gesi ili yapashe chumba joto, nimezifungua na ule ufunguo mdogo mpaka maji yakatoka, presha ya boila nikairudisha ilipotakiwa. Kelele ziko palepale!

Na wala si ule mbubujiko wa upepo. Chumba cha watoto kikishapata joto kidogo, koki ya rejeta, ile yenye namba inayojifunga yenyewe chumba kikipata joto, inaanza dadadadada, utadhani jirani anatoboa ukuta kwa drili. Saa nane usiku hiyo. Ukiipeleka namba 5, kimya. Ukiirudisha 3, inaanza upya. Yaani inagonga pale tu inapokaribia kujifunga. Fundi mzima hilo halimwambii kitu?

Nimeikagua mwenyewe. Ubavuni ina mshale unaoelekeza maji yaingie kwenye rejeta. Hita ikiwashwa, shika mabomba mawili ya rejeta hiyo: la upande wa pili ndilo linalopata moto kwanza. Maana yake koki imewekwa kwenye bomba la maji yanayorudi kwenye boila, na maji yanapita kinyume cha mshale. Koki nyingi za siku hizi hazijali upande, lakini hii ni ya zamani. Kizibo kikikaribia kufunga, maji yanakivuta kigonge, kinaachia, kinagonga tena. Huo upepo wao unaingilia wapi hapo?

Haya, njoo koridoni. Thamostati ya nyumba, kile kifaa kinachopima joto na kuizima boila likitosha, iko ukutani, na rejeta iliyo chini yake nayo wameiwekea koki ya kujifunga yenyewe! Koki inafunga kabla koridoni hapajafika joto ambalo thamostati inalisubiri, basi boila inaunguruma tu na bili ya gesi nalipa mimi. Rejeta ya hapo ilitakiwa iachwe wazi, ambapo pia maji yangepata pa kupita koki za vyumba vingine zikijifunga. Sasa pampu iko spidi ya juu kabisa, inasukuma maji kwenye koki zilizofungwa, mabomba yanalia nyumba nzima.

Ya sebuleni sitaki hata kuiongelea. Kichwa cha koki kimesimamishwa wima juu ya bomba la moto, tena nyuma ya pazia. Kile kichwa kinapima joto la hewa inayokizunguka, kwa hiyo kinafunga mapema huku sisi tumevaa makoti kwenye kochi.

Wakala wa mwenye nyumba anasema tusubiri fundi wa gesi. Gesi ya nini? Koki hii inapitisha maji, boila haiguswi! Sheria ya England ya mwaka 1985 kuhusu wenye nyumba na wapangaji, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba aweke mitambo ya kupasha joto katika hali nzuri na ifanye kazi sawasawa. Hii ndiyo sawasawa?

Aliyewahi kumbana wakala kwa kifungu hicho kwa sababu ya kelele, siyo baridi, aniambie barua aliiandikaje. Na wale wa "vumilia, ndiyo Ulaya hiyo", piteni kushoto.