Kuisoma hati ya mshahara ya mwenza aliye jeshini Marekani

Kutoka: dada wa Killeen, Texas

Habari zenu ndugu. Naomba kueleweshwa LES, ile hati ya mshahara ya jeshi. Jumla ya juu inakaribia dola 5,000, lakini benki tarehe 1 zimeingia kama 2,200 tu. Nyingine zimekwenda wapi? Na posho ya nyumba, ni ya askari au ni ya mke?

Kutoka: kaka wa Colorado Springs

Dada, hizo pesa hazijapotea. Jeshi hulipa mara mbili kwa mwezi, tarehe 15 na tarehe 1, na siku hiyo ikiangukia wikendi au sikukuu, hulipa siku ya kazi iliyotangulia. LES ya mwisho wa mwezi hujumlisha mwezi mzima, halafu yale malipo ya tarehe 15 huandikwa kwenye makato kwa jina MID-MONTH-PAY. Ukiuona mstari huo usidhani ni deni. Ni nusu mliyokwisha kuipokea.

Katikati ya karatasi kuna safu tatu. Kushoto ni anachostahili, kati ni makato, kulia ni alotimenti, yaani pesa aliyoagiza mwenyewe ipelekwe mahali fulani kila mwezi. Chukua mfano wa tarakimu nilizozitunga: mshahara wa msingi 3,000, posho ya nyumba (BAH) 1,500, posho ya chakula (BAS) 465.77, ambayo ilikuwa kiwango cha mwaka 2025 kwa askari wasio maofisa. Jumla 4,965.77. Sasa makato:

Kodi ya mapato ya serikali kuu, tuseme 165.00
Social Security (hifadhi ya jamii), asilimia 6.2: 186.00
Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 1.45: 43.50
Bima ya maisha ya SGLI: 26.00
Akiba ya uzeeni ya TSP, asilimia 5: 150.00
Mchango wa nyumba ya wazee wa jeshi: 0.50

Hayo ni 571.00. Zinabaki 4,394.77, ukigawa mara mbili unapata kama 2,197 kila malipo. Ndiyo hiyo 2,200 yako.

Angalia tena zile asilimia: zimepigwa kwenye 3,000, si kwenye 4,965. BAH na BAS hazikatwi kodi, na hazihesabiwi kwenye TSP. Kama kuna kodi ya jimbo, inafuata jimbo la makazi ya kisheria ya askari, si jimbo ilipo kambi.

TSP msiiguse kwa haraka ili mpate hela ya mwezi. Kwa walio kwenye mfumo mpya wa pensheni, serikali huweka asilimia 1 yenyewe, na baada ya miaka miwili ya utumishi huongezea kulingana na mchango wa askari, hadi jumla ya asilimia 5. Askari akishusha mchango wake, anajinyima pesa ya bure.

BAH inaangalia mambo matatu tu: cheo, ZIP (namba ya posta) ya kituo cha kazi, na kama ana wategemezi au hana. Mtoto wa pili au wa tano haongezi chochote. Viwango hubadilika Januari 1. Vikishuka, aliyekwisha kuwa kituoni hashushiwi, mpaka ahame, ashushwe cheo au hali ya wategemezi ibadilike. Mkipanga nyumba ya bei ndogo, salio ni lenu. Mkipanga ghali, mnajazia wenyewe. Mkiishi kwenye nyumba za kambi zinazoendeshwa na kampuni, kwa kawaida BAH yote huingia safu ya kushoto na kutoka safu ya kulia bila ninyi kuishika. BAS ni chakula cha askari mwenyewe, wala haikukadiriwa kulisha familia. Akiwa mafunzoni anakula jikoni kwa jeshi, milo hiyo hukatwa.

Kutoka: mama wa Tacoma, Washington

Kaka ameeleza vizuri. Mimi naongezea makaratasi, maana hapo ndipo familia zetu hukwama.

Posho haiji kwa sababu mmefunga ndoa. Kwanza mke au mume aandikishwe DEERS, daftari la jeshi la askari na wategemezi wao. Vinavyotakiwa: cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa, pasipoti, kadi ya Social Security kama ipo, na fomu DD 1172-2 yenye saini ya askari. Ambaye bado hana namba ya Social Security anaandikishwa hivyo hivyo kwa namba ya muda. Cheti kisicho cha Kiingereza kitafsiriwe na mtafsiri atakayethibitisha kwa saini. Herufi za jina zilingane na pasipoti; Mwanaisha na Mwana Isha kwa karani ni watu wawili.

Kisha, na hapa wengi husahau, askari wa Army (jeshi la nchi kavu) apeleke fomu DA 5960 kwenye ofisi ya mishahara. DEERS peke yake haianzishi BAH ya wenye wategemezi. Ikichelewa, dai lirudishwe nyuma hadi tarehe ya ndoa. Fungueni LES inayofuata muone kama kiwango kimebadilika.

Upande wa pili ni kulipwa kupita kiasi. Mmeachana au amehamishwa, posho ya zamani ikaendelea: hiyo ni deni, na itakatwa. Msiitumie. Kama kosa halikuwa la askari, kuna maombi ya kusamehewa kwa fomu DD 2789.

Akitumwa mbali na familia zaidi ya siku 30 mfululizo, kuna posho ya kutengana, fomu DD 1561, na zikitimia inahesabiwa tangu siku ya kwanza. Maeneo ya hatari huongeza hadi dola 225 kwa mwezi. Kwenye eneo la vita lililotangazwa, hata siku moja tu inaondoa kodi ya mapato ya mwezi mzima kwa askari asiye ofisa.

Kutoka: dada wa Killeen, Texas

Asanteni sana, sasa naona. Ila nani ananionyesha LES yenyewe? Na lile swali la posho ni ya nani?

Kutoka: mama wa Tacoma, Washington

Mwanangu, kwenye myPay, tovuti ya mishahara ya jeshi, askari anaweza kukufungulia akaunti yenye mipaka: unaona LES, hubadilishi kitu. Omba hilo kabla hajasafiri. Omba pia alotimenti iingie kwenye akaunti yako mwenyewe. Kwa kawaida nusu yake hukatwa kila malipo, nawe unaipata mara moja mwanzoni mwa mwezi.

BAH kisheria ni ya askari. Lakini Army, kwa kanuni ya AR 608-99, inamlazimu ahudumie familia. Pasipo makubaliano wala amri ya mahakama, anatakiwa atoe kiasi cha BAH RC/T, kiwango maalumu cha posho ya nyumba ambacho hakifuati bei ya mji. Asipotoa, mlalamikie kamanda wake kwa maandishi, ukiambatanisha cheti cha ndoa na tarehe ulipopokea pesa mara ya mwisho. Ukiwa umekaukiwa, nenda Army Community Service, ofisi ya kusaidia familia za askari, ushauri wao ni bure, na Army Emergency Relief, mfuko wa msaada wa dharura, hukopesha bila riba. Usikimbilie maduka ya mikopo nje ya geti.

Kabla ya kuondoka, mwombe akuonyeshe pia ni nani aliyeandikwa mrithi wa SGLI. Kiwango cha juu ni dola 500,000, na kama jina la zamani halijabadilishwa, hulipwa huyo huyo aliyeandikwa.