IST ya familia inakula mafuta kuliko zamani: nianze na sevisi kamili, sensa mpya ya oksijeni au kupima kwa mashine?

Mkazi wa Kisasa (mwanzisha mada)
Habari za jioni ndugu wanajukwaa. Nina Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5, ambayo hupeleka watoto shule, hunipeleka kazini Mtumba, hapa Dodoma, na mara mojamoja huenda Morogoro kwa wazazi. Zamani ilikuwa ikienda kama kilomita 13 kwa lita moja; sasa haifiki 9, ingawa njia ni zilezile na dereva ni mimi yuleyule. Taa ya injini haiwaki wala sioni moshi mweusi. Fundi wa kwanza anataka tubadilishe plagi na kichujio cha hewa na kusafisha nozeli (vinyunyizio vya petroli) kwa pamoja. Wa pili ana hakika kwamba ni sensa ya oksijeni, yaani kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa eksozi. Wa tatu hataki kugusa chochote kabla ya kupima kwa mashine inayosoma kompyuta ya gari. Bajeti ya nyumbani haitoshi kuwafuata wote watatu, hivyo naomba mnisaidie kulinganisha.

Msafiri wa Singida
Ndugu, kabla ya kuchagua fundi, hakikisha hesabu yenyewe ni ya kweli, kwa sababu mshale wa tanki si kipimo cha lita. Jaza mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, tembea kama kawaida mpaka tanki lishuke chini ya nusu, kisha rudi kwenye pampu ileile ujaze tena mpaka ijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia mara hii ya pili. Fanya hivyo kwa mizunguko ya mjini, halafu ufanye peke yake kwa safari ya Morogoro, maana safari fupi za shule, ambazo injini huzimwa kabla haijapata joto, hula mafuta hata kwa gari zima kabisa. Pima pia upepo wa matairi asubuhi yakiwa ya baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Fundi wa Nkuhungu
Mimi nasimama na fundi wa tatu, lakini nina swali ambalo naona hakuna aliyekuuliza: je, gari hilo bado lina themostati? Mafundi wengi wa huku kwetu huitoa kwa imani kwamba ndiyo inayochemsha injini, na mtu akinunua gari lililokwisha kupita mikononi mwa wengine hajui kama ipo. Kazi yake ni kuzuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka yafikie takriban nyuzi 82. Ikitolewa, maji huzunguka tangu unapowasha, na kwa miezi ya Juni na Julai, usiku wa Dodoma unaposhuka hadi karibu nyuzi 14, unaweza kutoka Kisasa ukafika Mtumba injini haijapata joto lake. Kompyuta ya injini ikiona maji ya baridi huendelea kuongeza petroli kama inavyofanya unapowasha asubuhi, na mara nyingi haiwashi taa yoyote. Sensa ya joto la maji ikidanganya, matokeo ni hayohayo. Usitegemee taa ya bluu ya dashibodi inayoonyesha injini ni ya baridi, kwa kuwa huzimika kabla injini haijafika joto kamili.

Kwa hiyo ukienda kupima, usiridhike na jibu la "hakuna kodi", yaani kompyuta haina namba ya hitilafu iliyohifadhi. Mwombe anayepima akuonyeshe namba gari likiwa linaunguruma baada ya kutembea: joto la maji, na kiwango ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta.

Mdau wa Mpwapwa
Kwa vumbi la barabara zetu mimi ningeanza na kichujio cha hewa. Cha kwangu hutoka kimegeuka rangi ya udongo.

Fundi wa Nkuhungu
Kibadilishe, kaka, kwa ajili ya kulinda injini. Ila katika injini ya nozeli inayoongozwa na kompyuta, kichujio kilichoziba hupunguza nguvu zaidi kuliko kinavyoongeza ulaji, kwa sababu hewa hupimwa na petroli hufuata kipimo hicho; kwenye magari ya zamani ya kabureta, yasiyo na kompyuta hiyo, habari ilikuwa tofauti. Oili ndiyo ningeitazama kwanza: injini hii iliundwa kwa oili nyepesi kama 5W-30, na wengi wanaimwagia nzito ya 20W-50.

Mkazi wa Kisasa
Ahsanteni sana. Na kuhusu sensa ya oksijeni, nikipata iliyotumika kwa bei nafuu, inafaa kujaribu?

Fundi wa Nkuhungu
Hapana, dada. Sensa huchoka kwa umri, na ya gari lililochinjwa, yaani lililofumuliwa kuuzwa vipuri, hujui imetumika kiasi gani, kwa hiyo ukiifunga na ulaji usibadilike hutajua kama tatizo ni sensa hiyo au kitu kingine. Hata mpya isinunuliwe kabla ya kukagua eksozi: tundu lililo kabla ya sensa huingiza hewa ya nje, sensa husoma oksijeni nyingi, na kompyuta huongeza mafuta bila sababu. Gusa pia rimu zote nne baada ya safari, kwa uangalifu. Yenye joto kuliko wenzake ina breki inayoshika.

Ikionekana themostati haipo, funga mpya, ujaze kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini) badala ya maji matupu, na umsimamie fundi atoe hewa yote kwenye mfumo kabla ya kufunga kifuniko cha rejeta. Hewa ikibaki, gari litachemka siku ya kwanza na themostati itasingiziwa tena.