Pawa saplai ya kompyuta ya gemu: tupeane uzoefu, yako ilikufanyia nini?

Ampea25
Wakuu, leo nimemwona kijana anajiundia mashine ya gemu. Kadi ya grafiki ya maana, prosesa safi, kesi ya kioo, halafu pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ni ile ya bure iliyokuja na kesi. Moyo ulinilipuka. Yangu ya namna hiyo iliandikwa wati 600. Kuandika na kutazama video haikuwa na neno, ila gemu ikichanganya tu, paa! Skrini giza, feni kimya. Nikabadilisha draiva, nikapima ramu, wapi. Siku nilipoitoa nikasoma lebo ya ubavuni: laini ya volti 12 ina ampea 25. Zidisha mwenyewe, wati 300. Na kadi na prosesa zote zinakula kwenye hiyo volti 12! Tupeane uzoefu.

Kimya_Kingi
Lebo ya volti 12. Umemaliza mkuu.

Mzee wa Feni
Nunua ya wati 1000, ulale usingizi.

Bodi Mama
Wati 1000 za nini, mzee? Kadi ya wati 200 na prosesa ya 100, saplai nzuri ya 550 inatosha kabisa. Hiyo yako inamaliza umeme bure.

Mzee wa Feni
Haimalizi. Inavuta kile mashine inachoomba. Ikiomba wati 400 na ufanisi ni asilimia 90, ukutani zinatoka kama 444. Soma kwanza ndiyo ubishe.

Bodi Mama
Nimesoma. Bado hela yako umeilaza kwenye wati usizozitumia.

Pini Nane
Tulieni. Kadi yangu ya grafiki, RTX 3080, imeandikwa wati 320, lakini kwa kitambo kifupi sana inaruka juu zaidi ya hapo. Saplai yangu ya 650 ilikuwa ikijizima kila mara, nilipoweka ya 850 ikatulia. Ndiyo maana viwango vya ATX 3.0 vya mwaka 2022, yaani masharti ya kutengeneza saplai za kompyuta, vilidai saplai ihimili miruko ya hadi mara mbili ya wati zake, kwa mikrosekunde 100.

Dada Koili
Mmenitonesha kidonda. Saplai yangu ilikuwa ya waya za kuchomoa. Ilipokufa nikampelekea fundi saplai mpya ya kampuni nyingine. Akaona kazi ya kupitisha waya upya ni ndefu, akaacha za zamani ndani ya kesi na kuzichomeka kwenye saplai mpya. Ziliingia vizuri kabisa, hata kubana hazikubana. Akabonyeza swichi. Tukasikia "tik" moja, kisha harufu kali ya plastiki. Nilipoifungua SSD, diski ya kuhifadhia mafaili, nilikuta chipu ndogo ina kitobo cheusi katikati, pembeni pameota masizi. Upande wa saplai kila kampuni inapanga pini inavyotaka, kwa hiyo volti 12 ilikwenda palipotakiwa volti 5. Picha zote za harusi ya mdogo wangu zilikuwa humo.

Kimya_Kingi
Mungu wangu.

Ampea25
Pole sana dada. Picha zilipatikana?

Bodi Mama
Na kadi ya grafiki je?

Dada Koili
Kadi ilipona. Picha chache tu, alizokuwa nazo shangazi kwenye simu. Jamani, saplai mpya na waya zake, hata kama kesi nzima itafumuliwa.

Mzee wa Feni
Chukueni saplai yenye cheti cha 80 Plus Gold, matatizo haya hamtayaona.

Pini Nane
Hapana mzee. Cheti hicho, kuanzia Bronze hadi Gold na Titanium, kinapima ufanisi. Hakisemi kama ulinzi wa shoti unafanya kazi, na waya za dada zingeunguza diski hata kwenye Titanium.

Swichi Nyekundu
Kwa saplai za zamani, angalieni kile kiswichi cha nyuma cha 115/230. Kikiwa 115 na ukuta una 230, mtasikia mlipuko. Tena msizifungue hata baada ya kuzichomoa, kapasita zinabaki na umeme.

Kimya_Kingi
Nina saplai ya Bronze ya wati 650, kadi yangu ina matundu mawili ya pini 8. Waya mmoja wenye vichwa viwili unafaa?

Pini Nane
Kila tundu linaruhusiwa wati 150. Vuta waya mbili kutoka kwenye saplai, kila tundu lipate wake.

Mzee wa Feni
Au nunua ya 1000.